Bwawa la kijani chini ya mashamba ya sukuma wiki: uchambuzi wa kisa kimoja kando ya Nairobi

Kisa hiki ni cha bonde dogo lililo kaskazini-magharibi mwa Nairobi, upande wa Kiambu, ambako vijito vinashuka kutoka miinuko ya Limuru na Kikuyu kuelekea jijini. Jina la kijito, majina ya wenye mashamba na alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa, na namba za mashamba ni za makadirio ya karibu. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa ugani, viongozi wa vyama vya watumiaji maji na wakulima wanaolima juu ya mto.

## Mahali penyewe

Mteremko una mwinamo wa asilimia 20 hivi, yaani kila mita 10 za kwenda mbele unashuka mita 2. Juu kabisa kuna barabara ya murram na nyumba. Katikati kuna mashamba ya robo ekari hadi ekari moja. Chini kuna kijito ambacho mtu mzima anakiruka bila kukimbia. Kijito kinaingia kwenye bwawa dogo la udongo, na chini ya bwawa wakulima kadhaa wanavuta maji kwa pampu za petroli kumwagilia spinachi, dania na sukuma wiki zinazokwenda masoko ya Kangemi na Marikiti jijini.

Udongo ni ule mwekundu wenye kina unaojulikana Kiambu kote. Una chuma na alumini nyingi, ndiyo maana hushika fosforasi kwa nguvu sana. Jambo hilo limewafanya watu wengi, hata wataalamu, kuamini kwamba DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, ikishaingia ardhini haiendi popote. Ni kweli haiendi, mradi udongo wenyewe haujaenda.

Karibu kila boma lina ng'ombe mmoja au wawili wanaofugwa bandani. Ng'ombe wa maziwa aliyelishwa vizuri hutoa samadi mbichi ya kilo 20 hadi 30 kwa siku, mbali na mkojo, na lazima iende mahali. Kwenye mteremko huu ilikuwa ikienda chini, kwa kuwa toroli lililojaa husukumwa kwa urahisi kuelekea bondeni. Marundo yalikaa ncha ya chini ya shamba, mengine hatua chache tu kutoka majini. Juu ya samadi hiyo, wanaolima mboga za kuuza walinunua mbolea ya kuku kwa lori kila walipopanda upya.

## Lalamiko

Mwishoni mwa kiangazi, wakati wa joto la Februari, bwawa liligeuka kijani. Utando mzito ulisukumwa na upepo hadi kona moja, vichujio vya pampu vikaziba, na samaki wachache waliopandikizwa wakaonekana wakielea asubuhi. Saa hiyo ya asubuhi ilikuwa dalili nzuri. Mchana mwani, yaani mimea midogo sana inayoyageuza maji kuwa kijani, hutengeneza oksijeni, usiku huitumia pamoja na viumbe wengine wote, hivyo kiwango hushuka chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Samaki wanaokufa kwa sumu ya dawa hufa saa yoyote. Wanaokufa alfajiri bwawani, siku baada ya siku, mara nyingi wamekosa pumzi.

Wakulima wa chini waliwashuku watu wawili: mwenye kuosha magari kando ya barabara ya juu, na mkulima mmoja aliyeonekana akimwaga CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, karibu na ukingo. Chama cha watumiaji maji kikaomba mtaalamu wa maji na afisa wa kilimo wafuatilie pamoja. Pendekezo la kuwaleta wawili lilitoka kwa wanachama wenyewe, na manufaa yake yalionekana mapema: mmoja alijua kusoma chupa za maji, mwingine alijua kusoma shamba.

Agizo la kwanza lilikuwa la usalama. Ndama na mbuzi wasinyweshwe kwenye kona yenye utando, kwa sababu baadhi ya viumbe vya kijani-bluu vinavyotengeneza utando wa namna hiyo hutoa sumu ya ini na ya neva. Rangi peke yake haiwezi kukuambia ni vipi vyenye sumu.

## Kufuata maji kiangazini

Sampuli zilichukuliwa kuanzia bwawani kupanda juu: ndani ya bwawa, mdomo wa kijito, chini na juu ya kila mtaro unaoingia, kwenye chemchemi inayotoka katikati ya bonde, na juu ya mashamba yote. Kila chupa ya nusu lita ilisuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujazwa. Chupa hazikuoshwa kwa sabuni, maana sabuni nyingine zina fosfeti, umbo la fosforasi linaloyeyuka majini, na zingeharibu kipimo. Maji ya kupimia fosfeti iliyoyeyuka yalichujwa palepale kwa kichujio cha mikroni 0.45, yakawekwa kwenye kisanduku chenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya siku moja. Ukiacha kuchuja, fosfeti hutoka kwenye chembe za udongo au hurudi kwazo ndani ya chupa, na ukifika maabara unapima maji mengine.

Matokeo ya naitreti, umbo la naitrojeni linaloyeyuka majini, yaliwashangaza wengi. Maji ya bwawa la kijani ndiyo yaliyokuwa na naitreti kidogo kuliko yote. Juu ya mashamba naitreti ilikuwa chini ya miligramu 10 kwa lita, kwenye chemchemi ilikuwa miligramu 40, na bwawani kijiti cha kupimia hakikubadilika rangi kabisa. Mtu angepima bwawa tu angesema maji ni safi. Ukweli ni kwamba mwani ulikuwa umeshaila naitrojeni yote iliyoingia, ikawa mwili wake. Bwawa lenye mwani halipimwi kwa kilichobaki majini. Hupimwa kwa kinachoingia.

Hapo kulitokea mkanganyo wa vipimo ambao hutokea mara kwa mara, kwa hiyo ni vizuri kuueleza. Maabara iliandika 9, kijiti cha shambani kilionyesha kati ya 25 na 50, na kikao kikazuka ubishi kuhusu nani anasema kweli. Wote walikuwa sahihi. Maabara ilihesabu naitrojeni peke yake iliyo ndani ya naitreti, kijiti kilihesabu naitreti nzima. Ili kubadili, zidisha kipimo cha maabara kwa 4.43: 9 inakuwa 40. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti, ambazo ni sawa na 11 hivi za naitrojeni. Chemchemi ilikuwa chini ya kiwango, lakini karibu nacho, na kuna nyumba zilizokuwa zikichota hapo maji ya kukorogea maziwa ya watoto wachanga. Nyumba hizo zilishauriwa kutumia maji ya mvua au ya bomba kwa watoto walio chini ya miezi sita, na kuelezwa kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapopungua sufuriani, naitreti inazidi kukolea.

Halafu mtiririko ukapimwa. Ndoo ya lita 20 iliwekwa chini ya mfereji wa chemchemi ikajaa kwa sekunde 8, yaani lita 2.5 kwa sekunde. Zidisha kwa miligramu 40 upate miligramu 100 za naitreti kila sekunde. Kwa siku ni kilo 8.6 za naitreti, zenye naitrojeni karibu kilo 2. Gunia la kilo 50 la CAN yenye asilimia 26 lina naitrojeni kilo 13. Kwa hiyo chemchemi ile, maji yake meupe yasiyo na harufu wala tope, ilikuwa ikimwaga kijitoni naitrojeni ya gunia moja la CAN kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwosha magari aliondolewa lawama: juu na chini ya mtaro wake vipimo havikutofautiana.

## Kufuata maji mvuani

Chemchemi ilieleza naitrojeni, haikueleza fosforasi. Kiangazini fosfeti ya kijito ilikuwa ndogo mno, na bila fosforasi mwani wa maji baridi haukui hata naitrojeni ikijaa. Ilibidi kusubiri masika na kusimama mteremkoni mvua ikinyesha. Sehemu hii ya kazi ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu magari hayafiki, buti zinazama, na ofisi nyingi huandaa safari za siku zenye jua. Kuchukua sampuli siku ya jua pekee ni kukosa karibu fosforasi yote ya mwaka.

Mvua kubwa ya kwanza iliyokuwa na watu mteremkoni ilionyesha jambo ambalo ramani haikulionyesha. Maji hayakushuka mashambani yakiwa yametandaa. Ndani ya dakika kumi yalikuwa yamejikusanya kwenye kijia cha miguu kinachotoka barabarani hadi kijitoni. Miaka ya nyayo, kwato na matoroli ilikuwa imekichimba kijia hicho hadi kikawa chini ya mashamba ya pande zote mbili kwa kina cha goti. Mtaro wa barabara ulimwaga maji yake hapo. Mifereji ya matuta ya viazi, iliyochimbwa kwa kufuata mteremko, ilimwaga hapo. Marundo matatu ya samadi yalikuwa yamegusana nacho, na kutoka kila rundo kulishuka uzi wa maji ya rangi ya chai nzito. Kijia kikaingia kalvati, kalvati likaingia kijitoni. Umbali kutoka rundo la kwanza hadi majini ulikuwa mita 60, na maji yaliumaliza kabla mtu hajafunga vizuri koti la mvua.

Maji ya kalvati yalipopimwa kwa kifaa cha rangi yalipita kiwango cha juu cha kadi ya kulinganishia rangi, ikabidi yachanganywe na maji safi mara kumi ndipo yasomeke. Sampuli zilizochujwa zilikuwa na fosfeti nyingi pia, ishara kwamba si udongo peke yake: sehemu ilikuwa imeyeyuka moja kwa moja kutoka samadi mbichi. Ikumbukwe kwamba ziwa au bwawa linahitaji mikrogramu chache tu. Fosforasi yote ikishapita mikrogramu 35 hivi kwa lita, bwawa huanza kuhesabiwa kuwa limerutubika kupita kiasi.

Basi virutubisho viwili vilikuwa na njia mbili. Naitreti haishikwi na udongo. Inazama na maji hadi kwenye chemchemi, polepole, mwaka mzima. Fosforasi imeshikamana na udongo na samadi, inasafiri juu ya ardhi, kwa mvua chache kubwa, kupitia mahali pembamba panapoonekana kwa macho. Dawa ya moja haiponyi nyingine.

## Hesabu ya shamba moja

Ili kujua ziada inatoka wapi, afisa wa kilimo aliketi na familia moja inayolima ekari moja ya sukuma wiki wakaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka.

Mimea 15,000, ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, iliwekewa kifuniko kimoja cha soda cha DAP kila shimo. Kifuniko kilichopanguswa juu hubeba takribani gramu 5, kwa hiyo ekari ilikula kilo 75, gunia moja na nusu. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosforasi iliyohesabiwa kama oksaidi. Ukitoa oksijeni, fosforasi yenyewe ni asilimia 20 hivi. Hiyo ni naitrojeni kilo 13.5 na fosforasi kilo 15. Magunia mawili ya CAN yaliongeza naitrojeni kilo 26. Kisha ikaja mbolea ya kuku, tani 5. Mbolea ya kuku hutofautiana sana, ila kwa kukadiria kilo 25 za naitrojeni na kilo 12 za fosforasi kwa tani, liliingia lori lenye naitrojeni kilo 125 na fosforasi kilo 60.

Majani yaliyouzwa yalikuwa tani 10 hivi. Tani moja ya sukuma wiki mbichi huondoa shambani naitrojeni kilo 5 na fosforasi isiyofika hata kilo 1. Jumla: naitrojeni iliyoingia kilo 165, iliyotoka 50. Fosforasi iliyoingia kilo 75, iliyotoka 7.

Familia ilinyamaza kwanza, halafu baba akauliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba kuku wameshaleta kila kitu. Ni swali la haki. Mapendekezo ya mbolea hutolewa kana kwamba shamba halina samadi, na mapendekezo ya samadi hutolewa kana kwamba hakuna DAP. Mkulima makini anayefuata yote mawili anaishia kurutubisha mara mbili, kwa gharama yake mwenyewe. Tena, ukiweka mbolea ya kuku hadi naitrojeni itoshe, fosforasi itazidi kila mara, kwa sababu jani huchukua naitrojeni mara saba au zaidi ya fosforasi, na mbolea ya kuku ina mara mbili tu.

## Maamuzi, na sababu zake

Fedha hazikutosha kufanya kila kitu, kwa hiyo kazi zilipangwa kwa kufuata njia ya maji.

Kwanza kijia. Mtaro wa barabara uligeuzwa juu kabisa ili maji yake yaende kwenye kipande cha nyasi kisicholimwa. Kwenye kijia chenyewe yakajengwa matuta ya kukata maji kila baada ya mita 10 hadi 15, ya udongo ulioshindiliwa juu ya mawe, yaliyolazwa mshazari, kila moja likiyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi. Mbele ya kalvati likachimbwa shimo la kutuliza tope: mita 2 urefu, mita 1.5 upana, mita 1 kina.

Pili samadi. Marundo matatu yalihamishwa hadi angalau mita 30 kutoka kijitoni na mbali na kijia, yakawekwa juu ya sakafu iliyoshindiliwa na kufunikwa kwa nailoni nyeusi iliyozuiwa kwa mawe, na tuta dogo upande wa juu. Hatua iliyoleta faida kubwa kwa gharama ndogo ilikuwa mifereji ya mabati kwenye mapaa ya mabanda. Paa la mita 5 kwa 6 likipata mvua ya milimita 30 hukusanya lita 900. Bila mfereji, lita hizo 900 huanguka moja kwa moja kwenye kinyesi na kushuka nacho. Zikiwa na mfereji, zinajaza tangi.

Tatu, matuta ya fanya juu katikati ya mteremko. Kwa mwinamo wa asilimia 20 nafasi ya mita 10 hivi kati ya tuta na tuta inafaa. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 uchimbwe kwa usawa kamili, udongo utupwe upande wa juu, na ndani ya mtaro viachwe vizuizi vya udongo kila mita chache ili tuta likipasuka mahali pamoja lisimwage maji yote. Usawa ulipatikana kwa fremu ya A ya miti mitatu, kamba na jiwe.

Nne, ukanda wa nyasi kando ya kijito. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kutoka alama ya mafuriko ya juu kabisa. Hapa mazungumzo yalikuwa magumu. "Afisa, mita 6 ni nyingi kwa mtu mwenye robo ekari," alisema mama mmoja, naye alikuwa na hesabu: shamba lake lilikuwa na mita 20 ukingoni, mita 6 zingechukua mita za mraba 120 kati ya elfu moja na kidogo. "Ni kweli, mama," akajibiwa, "ndiyo maana tunataka zikulishie ng'ombe." Ikakubaliwa kupanda nepia safu za juu, na nyasi za Kikuyu zinazotambaa karibu na maji. Nepia peke yake haikutosha, kwa sababu huota kwa mafungu na kati ya fungu na fungu huacha ardhi tupu ambapo maji hupita. Ilikatwa ikifika mita moja, ikiachwa sentimita 10 hadi 15, bila kung'olewa na bila kuwekewa mbolea. Kukata na kuondoa ndiko kunakotoa virutubisho ukingoni. Nyasi zinazoachwa zioze palepale huvirudisha majini.

Tano, mbolea. Mashamba yalipimwa udongo: michoto 15 hadi 20 ya kina cha sentimita 20, ikichanganywa kwenye ndoo safi, nusu kilo ikapelekwa maabara. Waliokuwa na fosforasi ya kutosha waliacha DAP kabisa, mbolea ya kuku ikapunguzwa hadi tani 2 kwa ekari na kuchanganywa na udongo siku ileile, na CAN ikagawanywa mara tatu, ikianza wiki ya tatu baada ya kuatika, ikifukiwa, na isiwekwe mawingu mazito yakiwa yamejikusanya.

## Yaliyofuata

Shimo la kalvati lilijaa kwa mvua moja. Halikuwa limekosewa ukubwa. Matuta ya kijia yalikuwa bado laini, na mawili yalipasuliwa na pikipiki. Yalitengenezwa upya kwa mawe makubwa, na shimo likawa linazolewa kila baada ya mvua kubwa, tope likirudishwa mashamba ya juu. Kufikia vuli maji ya kalvati yalikuwa na rangi ya udongo hafifu badala ya chai, na fosfeti iliyoyeyuka ilisomeka bila kuchanganywa.

Ukanda wa nyasi ulifanya kazi vizuri kwenye mashamba ambako maji yalifika yakiwa yametandaa. Tope lilionekana likilala nyuma ya safu ya kwanza ya nepia. Sehemu mbili ambazo mifereji ya viazi ilielekea kijitoni, maji yalipasua ukanda na kuuchimba kana kwamba haupo. Pale matuta ya viazi yalipogeuzwa yakakata mteremko, ukanda ukashika.

Bwawa lilibaki kijani kiangazi kilichofuata, ingawa utando ulichelewa kuanza na haukuziba pampu. Chemchemi haikubadilika: miligramu 40 kabla, miligramu 40 baada.

## Uchambuzi

Uamuzi uliozaa matunda zaidi ni kusimama mvuani kabla ya kununua mche hata mmoja wa nepia. Kama kazi ingeanza na ukanda wa nyasi, kama inavyofanywa karibu kila mahali, fosforasi nyingi ingeupita pembeni, ndani ya kijia, na baada ya mwaka watu wangesema nyasi hazifanyi kazi. Nyasi hupunguza kasi ya maji yaliyotandaa ili tope litue. Maji yaliyokwisha kujikusanya hayana habari nazo. Vivyo hivyo kwa marundo: kuhamisha marundo matatu na kufunga mifereji ya mapaa kulichukua siku chache, na kukaondoa chanzo ambacho hakuna upana wa ukanda ungekiondoa.

Hesabu ya familia moja ilibadilisha tabia kuliko mafunzo yote. Mkulima aliyeonyeshwa kwamba ameingiza fosforasi mara kumi ya aliyouza haambiwi aache DAP kwa ajili ya mto. Anaacha kwa ajili ya mfuko wake, na mavuno ya majani hayakushuka kwenye mashamba yaliyoacha.

Chemchemi ndiyo iliyokwama, na sababu zake ni tatu. Maji yanayotoka leo yalizama ardhini zamani. Kwenye udongo wenye kina kama huu inaweza kuchukua miaka kadhaa kabla mabadiliko ya juu hayajaonekana chini. Pili, eneo la kazi lilikuwa dogo mno. Chemchemi ya lita 2.5 kwa sekunde hutoa mita za ujazo karibu 79,000 kwa mwaka. Ikiwa ardhi inapitisha chini milimita 250 za mvua kwa mwaka, inahitaji ekari karibu 80 kuilisha, na mashamba yaliyoshiriki yalikuwa machache, tena ya ukingoni. Naitrojeni inaingia juu, kuzunguka nyumba na barabara, walikokaa watu ambao hawakualikwa kikaoni kwa kuwa hawapakani na kijito. Tatu, kuna vyoo vya shimo. Mtu mmoja hutoa naitrojeni ya kilo 3 hivi kwa mwaka, hivyo watu 50 wa juu ya chemchemi ni kilo 150, kati ya kilo 700 zinazotoka. Hiyo si yote wala si nusu, lakini inatosha kumzuia mtu wa haki asiwalaumu wakulima peke yao. Kloridi na bakteria wa kinyesi vilipaswa kupimwa tangu mwanzo ili kusaidia kutenganisha kinyesi, cha vyoo au cha mifugo, na mbolea ya dukani, na havikupimwa.

Kosa jingine ni kuahidi maji safi ya bwawa ndani ya msimu mmoja. Tope lililolala chini kwa miaka lina fosforasi yake. Joto likipanda na maji ya chini yakikosa oksijeni, chuma kinachoishikilia hubadilika na kuiachia tena majini, hata kama hakuna kilichoingia kutoka shambani. Kwa hiyo chama kimepanga kupunguza maji ya bwawa mwisho wa kiangazi, kuzoa tope la mdomo wa kijito ambako limejaa zaidi, na kulipandisha juu ya fanya juu ya kwanza kabla mvua hazijaanza. Limepimwa: lina fosforasi ya kutosha kuchukua nafasi ya DAP kwenye vitalu. Anayelibeba ndiye atakayelitumia, na toroli safari hii zinapanda mlima.